Juisi tupu siku 5 ili kuachana na sukre (soda) na mandazi: inafaa kweli?

NyaweraMchana
Jambo wote. Swali kwa wanaojua mambo ya chakula. Kuna mpango unazunguka kwenye WhatsApp hapa Bukavu: siku 5 juisi tupu, glasi 6 kwa siku, hakuna kutafuna kitu. Nusu nanasi, nusu karoti, beterave kidogo, tangawizi, halafu asubuhi glasi moja ya majani mabichi. Wanasema ini linasafishika, tumbo linaanza upya, na hamu ya vitu vitamu inakwisha yenyewe.

Sitafuti kupunguza kilo. Nataka kuvunja mazoea haya: mandazi na chai tamu asubuhi, sukre moja au mbili kazini, kisha bugali mwingi usiku kabla ya kulala. Vifaa ni mikseri ya kawaida ya wati 350 na frigo ambayo umeme ukikatika inalala hadi kesho yake. Siku 5 zinatosha? Na kama kuna hatari, iko wapi hasa?

Lishe_Ibanda
Tuanze na hesabu ya sukari, maana huo mpango unaangukia hapo hapo.

Glasi 6 za mililita 250 ni lita moja na nusu. Nanasi lililokamuliwa lina karibu gramu 10 hadi 12 za sukari kwa kila mililita 100, karoti karibu gramu 4. Nusu kwa nusu, unapata gramu 100 na zaidi kwa siku. Chupa ya sukre ya santilita 33 ina karibu gramu 35. Kwa hiyo unaacha chupa mbili za kazini na kuweka mahali pake sukari ya chupa tatu, tena unaita hiyo usafi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na ile ya kuongeza kwenye chai. Kwa mtu anayekula kilokalori 2000, mpaka ni gramu 50 kwa siku, na ingefaa kushuka hadi 25. Tunda zima halimo katika hesabu hiyo, kwa sababu sukari yake imefungwa ndani ya nyuzinyuzi na inaingia mwilini polepole.

Upande wa pili ni protini. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 48 kwa siku (gramu 0.8 kwa kila kilo). Lita moja na nusu ya juisi hiyo inakupa kama gramu 10. Nguvu zote za siku ni kilokalori 700 hivi. Siku moja mwili unavumilia, siku tano unaanza kula misuli.

Ini na figo hazingoji juisi. Zinasafisha damu mchana na usiku, hata ukiwa umelala, na hakuna mchanganyiko wa karoti unaoziongezea kasi.

Sasa kwa nini watu wanaapa kwamba mpango huu unafanya kazi? Kwanza mizani inashuka kilo moja au mbili upesi. Ile ni akiba ya sukari iliyoko kwenye ini na misuli, na kila gramu yake inashika karibu gramu 3 za maji. Akiba ikiisha maji yanatoka. Ukila bugali siku mbili, kilo zinarudi, na hakuna mafuta yaliyopungua ya maana. Pili, kichwa kinauma siku ya kwanza na ya pili, wanasema "sumu inatoka". Kwa anayekunywa chai au kahawa kila siku, huko ni kukosa kafeini tu: maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, siku ya pili ndiyo mbaya zaidi, na yanaweza kuvuta wiki nzima. Ukitaka kuacha chai, punguza kikombe kimoja kila siku tatu au nne.

Swali lako la siku 5, jibu ni hapana. Mazoea uliyoyataja yana saa yake na mahali pake: njaa ya asubuhi, uchovu wa mchana kazini, sahani ya usiku. Juisi haigusi hata kimoja. Inakunyima chakula siku tano, kisha siku ya sita unarudi kwa mama wa mandazi ukiwa na njaa kuliko ulipoanza.

Muuguzi_Kadutu
Naongeza upande wa hatari, maana swali limeulizwa wazi.

Wasijaribu kabisa: wenye ugonjwa wa sukari wanaotumia insulini au glibenclamide. Dawa inaendelea kushusha sukari, chakula hakipo, na juisi inapandisha haraka na kuangusha haraka. Jasho la baridi, mikono inatetemeka, akili inavurugika, hata kuzimia. Wenye shida ya figo nao hapana, kwa sababu juisi hizi zina potasiamu nyingi, na anayemeza captopril au enalapril kwa ajili ya tansio (shinikizo la damu) potasiamu yake inaweza kuwa tayari iko juu. Wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18, na yeyote aliyewahi kuwa na tabia ya kujinyima kula kisha kula kwa kishindo, nao wasijaribu.

Jambo ambalo hapa kwetu watu wanalisahau: malaria. Vidonge vya artemether-lumefantrine vinatakiwa kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, la sivyo mwili hauchukui dawa ya kutosha. Homa ikikukuta katikati ya siku za juisi, siku hizo zimekwisha. Nenda upimwe, na kama ni malaria kula na umeze dawa.

Mkojo mwekundu baada ya beterave usikutishe, ni rangi yake. Ila kama hukula beterave, njoo kituo cha afya.

JuisiYaNguba
Nakubaliana na waliotangulia, lakini juisi nayo si adui, tatizo ni kuifanya chakula pekee. Nitazungumzia utengenezaji, kwa sababu hizo karatasi za WhatsApp haziandiki namna ya kuosha wala kuhifadhi, na hapo ndipo watu wanapougulia.

Majani mabichi. Naomba hili lisomwe mara mbili: sombe haingii kwenye mikseri ikiwa mbichi, hata jani moja. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga kunaitoa ndani ya jani, kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika sana kunaipeleka hewani. Mikseri inatwanga tu, haichemshi, kwa hiyo inakupa sumu ikiwa tayari kunyweka. Lengalenga (mchicha) nayo mbichi ina oksalati nyingi, zinazojenga mawe ya figo, na kuna watu figo zao ziliharibika kwa kunywa majani mabichi ya namna hiyo kila siku. Lengalenga ichemshwe, maji yamwagwe, iliwe na chakula. Ukitaka kijani ndani ya glasi, weka tango na majani machache ya seleri.

Kuosha. Karoti za Kabare zinafika sokoni na udongo wake, na mara nyingi zimesafishwa mtoni. Sugua kwa brashi, kisha loweka katika lita 5 za maji zenye kijiko kidogo kimoja (mililita 5) cha javeli (dawa ya kung'arisha nguo) isiyo na manukato yenye klorini 5%. Dakika 10. Suuza kwa maji safi. Kama chupa inasema 2.6%, weka vijiko viwili. Maji ya kuongeza kwenye juisi yachemke kweli, mapovu makubwa, dakika moja. Kwa kimo cha Bukavu, kama mita 1500, hiyo inatosha. Nanasi la Idjwi lisugue maganda kabla ya kulikata, kwa sababu kisu kinapeleka uchafu wa nje hadi ndani.

Glasi moja yenye akili: karoti mbili za kati (gramu 150), beterave iliyochemshwa gramu 50, nanasi gramu 100, tangawizi ya sentimita 2, ndimu nusu, maji mililita 200. Sukari hakuna. Inatoka glasi kubwa na kidogo.

Kwa mikseri ya wati 350, karoti ndiyo inayoua motari. Ikate vipande vyembamba vya nusu sentimita. Tia maji kwanza, kisha nanasi, karoti mwisho. Saga sekunde 40, zima dakika moja, rudia mara tatu. Ukisikia harufu ya waya au kifuniko kimepata joto, acha. Taa zikiwa zinafifia usiwashe kabisa: umeme dhaifu unachosha motari kuliko kazi yenyewe.

Usichuje. Ukichuja unatupa nyuzinyuzi na kubakiza maji ya sukari. Nzito mno? Ongeza maji. Maracuja tu ndiyo inachujwa, na hapo washa na kuzima, sekunde mbili mara tatu, mbegu zitenguke bila kupasuka. Zikipasuka juisi inakuwa chungu na yenye vumbi jeusi chini ya glasi.

Kuhifadhi, kwa hali ya umeme wetu: tengeneza ya kunywa sasa. Nje ya frigo, saa 2. Ndani ya frigo baridi kweli, siku moja, chupa ijae hadi mdomoni. Umeme ukikatika zaidi ya saa 4, mwaga. Juisi ya karoti haina uchachu wa kujilinda, na ikifungwa kwenye chupa na kukaa joto inaweza kuzalisha sumu ya botulizimu bila kubadilika harufu wala ladha. Mwaka 2006 Marekani watu walipooza kwa juisi ya karoti ya dukani iliyokosa baridi. Ndimu ninayoweka inasaidia kidogo, lakini isikupe ujasiri wa kuiacha mezani hadi jioni.

NyaweraMchana
Aksanti sana wote, sikujua habari ya sombe. Basi siku 5 nimeziacha. Kama nikibaki na glasi moja kwa siku, iwekwe saa gani, na mengine yapangwe vipi?

Lishe_Ibanda
Iweke pale pale sukre ilipokuwa inaingia. Na usiinywe kabla ya kula. Inywe pamoja na kitu cha kutafuna, kiganja cha karanga za kukaanga bila mafuta au nusu avoka yenye chumvi. Mafuta na protini vinapunguza mbio za sukari, na uchovu wa saa moja baadaye haurudi. Usibebe juisi kwenye chupa kutoka nyumbani asubuhi, umesoma habari ya joto. Kama kazini hakuna mikseri, chukua tunda zima: maracuja mbili na kijiko, au ndizi. Ni bora kuliko juisi hata hivyo, juisi naiona kama starehe tu.

Asubuhi ndiyo penye kazi kubwa. Ukishiba asubuhi, nusu ya vita vya sukre imekwisha. Uji wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama), vijiko vikubwa vitatu vya unga kwa mililita 400 za maji. Koroga unga na maji baridi kwanza ndipo utie motoni, la sivyo unapata madonge. Uchemke dakika 15 hadi 20, kwa sababu soya isiyoiva inaumiza tumbo na kujaza gesi. Au maharagi yaliyobaki jana na kipande cha kiazi kitamu: kikombe kimoja cha maharagi yaliyopikwa kina karibu gramu 15 za protini. Loweka usiku kucha na umwage yale maji. Kwa kimo chetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, maharagi makavu yasiyolowekwa yanameza makala (makaa) ya siku mbili.

Chai isiachwe sukari kwa ghafla. Kama ni vijiko vitatu, shuka nusu kijiko kila siku nne. Ulimi unazoea, na baada ya wiki chache chai ya zamani utaiona inakera. Mandazi weka siku moja ya wiki uliyoichagua mwenyewe. Ukijikataza moja kwa moja, siku utakayoteleza utakula sita.

Usiku, badili vipimo ndani ya sahani ile ile: bugali wa ngumi moja na nusu, mboga mara mbili ya ulivyozoea, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) kiganja. Sambaza wachemshwe na nyanya, wasielee kwenye mafuta. Kula mapema kadiri nyumba inavyoruhusu, na kama mnakula pamoja kwenye sinia moja, jitolee sahani yako tangu mwanzo, kwa sababu kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Muuguzi_Kadutu
Nyuzinyuzi zikiongezeka ghafla, tumbo litajaa gesi na kufunga. Ongeza maharagi polepole, nusu kikombe wiki ya kwanza, na maji glasi mbili zaidi kwa siku.

Mama_wa_Muhumba
Na sisi tunaochuja kwa sababu watoto hawataki makapi? Makapi ya karoti yanatupwa?

JuisiYaNguba
Hapana mama, usitupe. Ya karoti na nanasi yaingize kwenye unga wa chapati, gramu 100 za makapi kwa nusu kilo ya unga, na upunguze maji ya kukandia kwa robo maana makapi yana maji yake. Ya karoti tupu yanakaa vizuri kwenye mayai ya kukaanga na kitunguu. Yenye tangawizi watoto watayakataa, hayo chemshia chai. Yote yatumike siku ile ile, makapi yanachacha haraka kuliko juisi.