Kibodi ya gemu kwa laki na nusu, nipo Tanga: nichukue ipi na niitunzeje?

mwana_raskazone:
Wakuu, habari za jioni. Nacheza Counter-Strike 2 kwenye kompyuta ya mezani, na kibodi yangu ni hizi za ofisini, za mpira. Inanikwamisha kwa mambo mawili. Nikiwa nakimbia kimshazari nimeshika W na A, nikigusa Q nibadilishe silaha, Q haiingii kabisa. Pili, kitufe cha S kimeanza kung'ang'ania chini, na nilipokibandua nikakuta vumbi limeshikamana na unyevu. Dirisha la chumba linatazama bahari, upepo wa chumvi unaingia mchana kutwa.

Bajeti yangu ni laki na nusu. Nalala chumba kimoja na mdogo wangu anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo kelele za usiku sizitaki. Maduka ya hapa yana kibodi za taa nyingi, ila ukimuuliza muuzaji ndani kuna nini, hajui. Natanguliza shukrani.

fundi_bodi:
Mkuu, hiyo ya Q si ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa. Ndani ya kibodi nyaya zimepangwa kama nondo za dirisha, za mlalo na za wima, na kila kitufe kinakaa pale mbili zinapokutana. Ukishika vitufe vitatu vilivyo kwenye kona tatu za mraba mmoja, umeme unazunguka na kompyuta inaona kama kona ya nne nayo imebonyezwa. Kibodi za bei ya chini hujikinga kwa kukikataa kitufe cha tatu. Kibodi ya gemu iliyotengenezwa vizuri ina dayodi kwenye kila kitufe, umeme unakwenda upande mmoja tu, basi unabonyeza vyote kwa pamoja na vyote vinasomeka. Kwenye boksi tafuta herufi NKRO, ndiyo alama ya uwezo huo.

Taa hazihusiani na hilo. Zipo kibodi za mpira zinazowaka rangi zote na bado zinakwama kwenye vitufe vitatu. Ukiwa dukani omba ichomekwe kwenye laptopu, fungua tovuti ya kupima kibodi, shika W, A, Q, Shift na spesi kwa mpigo. Muuzaji akikataa kukupimia, nenda duka la pili.

bluu_daima:
Chukua ya mekanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake, yenye swichi za bluu. Inalia "tak", kidole kinajua kimeshaandika. Kwa kuchapa kazi na kwa gemu, hakuna raha kama hiyo.

mpiga_kona:
Kaka, za bluu kwa mtu anayelala na mtahiniwa? Hapana. Hata kwa gemu lenyewe sikubaliani nawe: swichi ya bluu ikishalia, lazima ipande juu zaidi ya pale ilipolia ndipo iweze kuandika tena. Ukiwa unachezesha A na D harakaharaka kukwepa risasi, utaona inachelewa.

Mwana Raskazone, chukua nyekundu, zinashuka moja kwa moja bila kikwazo. Cherry MX Red, swichi nyekundu ya asili ya kampuni ya Cherry, inataka nguvu ya gramu 45 hivi na inaandika ikishashuka milimita 2 kati ya 4. Si lazima iwe Cherry yenyewe. Hataza yao ilikwisha miaka ya 2010, na Gateron, Kailh na Outemu wanatengeneza za muundo uleule kwa bei nafuu. Kelele itakayobaki ni ya kitufe kugonga chini. Ukilaza kibodi juu ya mkeka mzito inapungua sana. Nunua ya waya, isiyo na upande wa namba, ile ya vitufe 87, kipanya kipate uwanja.

mwana_raskazone:
Nimekuelewa mkuu. Na hizi za sumaku ninazoziona wanatumia wachezaji wakubwa?

mpiga_kona:
Ni nzuri mno. Kampuni ya Wooting ya Uholanzi ndiyo iliyozipa umaarufu. Hazina vyuma vya kugusana, zinapima sumaku iko umbali gani, kwa hiyo unachagua mwenyewe kitufe kiandike kikishuka kiasi gani. Ila ukipata yenye kile kipengele cha kukatisha A pale unapobonyeza D, kizime. Valve, wenye gemu la Counter-Strike, walikipiga marufuku Agosti 2024, na kwenye seva zao unaweza kutolewa mchezoni.

mkazi_wa_unguja:
Naongezea la chumvi, maana huku tunaishi nayo. Ndani ya swichi ya mekanika kuna vijisahani viwili vya chuma vinavyogusana. Vikiingia uchafu au ukungu wa kutu, unabonyeza A mara moja inaandika AA. Kwa hiyo nunua ile ambayo swichi zinachomoka kwa mkono bila kuchomelea risasi. Swichi moja ikifa unabadilisha hiyo moja.

Ukimaliza kucheza ifunike kitambaa na iondoe dirishani. Ukisafiri, irudishe kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kila baada ya miezi michache ng'oa vifuniko vya vitufe kwa kishikio cha waya, vuta wima bila kupindisha, viloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, kisha vikauke kabisa. Kibodi yenyewe usiiloweke. Igeuze, ikung'ute, pitisha brashi laini, na penye ugando tumia pamba yenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya 70 ina maji mengi. Tina ya rangi usiisogeze, inayeyusha plastiki. Na ukiweza chagua vifuniko vya plastiki ya PBT, kwani vya plastiki ya ABS vinasuguliwa na vidole na kupata mng'ao mapema.

mwana_raskazone:
Asanteni sana wakuu. Binamu yangu anashuka Dar wiki ijayo, atapita Kariakoo na laptopu yake. Nyekundu, 87, za kuchomoka.

mkazi_wa_unguja:
Mwambie achukue na swichi chache za akiba, na atazame miguu yake. Ya pini 3 inaingia kwenye tundu la pini 5. Ya pini 5 haiingii kwenye tundu la 3 mpaka ukate ile miguu miwili ya plastiki, ukikata ya chuma umeiua.