"Na Mwandishi Wetu"! Huyo Mwandishi Wetu ni nani, na mama yangu nimjibu nini?

Mwana wa Tandika (mleta uzi)

Wakuu, salamu nitaleta kesho. Naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimepishana mjue ndiyo hasira yenyewe.

Yule bwana mhariri wa ile blogu ya pamoja mnamjua, wala simtaji. Yule wa picha ya kukunja mikono, aliyetangaza kwamba "vijana njooni muandike, jukwaa ni lenu". Jukwaa letu! Jina lake limo mara nne kwenye ukurasa mmoja: juu, chini, pembeni, na kwenye picha ya samaki ambayo hata hakuipiga yeye. La kwangu halimo hata kwa kutafuta na tochi.

Niliingia pale kwa sababu moja. Zilipokuja zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, ukitaka blogu yako ulitakiwa uwe na leseni ya TCRA, wale wa Mamlaka ya Mawasiliano: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni. Watu wakafunga blogu zao. Mimi hiyo milioni sikuwa nayo, sina hadi leo, nikaona bora nichangie palipo na leseni tayari. Wakanifungulia akaunti. Nikaandika usiku nne mfululizo, kwa simu yenye kioo kilichopasuka kona, bando la kuungaunga. Maneno 1,400.

Nimeandika habari za akinamama wanaochukua samaki soko la Feri kwenda kuuza mitaani. Sio habari ya kuokota, mama yangu mzazi ndiye huyo. Tangu sijaanza shule anaamka saa tisa usiku, anawahi mnada pale Magogoni mashua zikishusha, anagombea fungu la vibua na wanaume wenye vifua kama milango ya ghala, kisha anapanda daladala na ndoo yake abiria wameziba pua. Konda anamwambia, "Mama na shombo lako, kaa nyuma." Yote nimeandika.

Rasimu ikakaa "inasubiri ukaguzi" wiki tatu. Kuku wa jirani alianza kuatamia siku niliyoituma. Vifaranga vimetoka, vinakula chenga za mchele uani, habari yangu bado inakaguliwa!

Jana jioni ujumbe ukaingia: imetoka. Nikaita nyumba nzima. Mama akafuta mikono kwenye kanga akakaa katikati, dada zangu wawili wakakaa, shangazi katoka Mbagala, hadi mpangaji wa chumba cha uani akaja na kigoda chake. Nikampa mama simu. Mama anasoma kwa kidole. Kidole kikaanzia juu. "Na... Mwandishi... Wetu." Akanyanyua uso akaniangalia.

"Baba, huyu Mwandishi Wetu ndiye nani? Kanijulia wapi?"

KANIJULIA WAPI. Wakuu.

Nikasema ni mimi mama. Dada akasema mbona hawajaandika wewe. Mpangaji akasema labda wamempa mtu mzoefu aiandike upya. Mpangaji! Mama akanirudishia simu taratibu, akaenda kugeuza samaki jikoni. Hakumaliza kusoma.

Na shombo kalifuta. Kaweka "harufu isiyopendeza". Ni konda gani wa Dar es Salaam aliwahi kumwambia mtu "mama na harufu yako isiyopendeza"? Kichwa cha habari niliweka "Ndoo ya Mama". Yeye kaweka "Fahamu mambo saba kuhusu biashara ya samaki". Nimeyahesabu, yako matano.

Hayo yote nayameza. Kile kidole cha mama kwenye lile neno "Wetu" hakimezeki. Nimempigia bwana mhariri mara kumi na moja, hapokei. Leo saa nne asubuhi ndiyo kajibu kwa ujumbe: "Ni utaratibu wa kawaida kwa wachangiaji wapya. Kuwa mvumilivu."

Mzee wa Keko

Nimewahi siti ya mbele. Huyo jamaa hata mimi namjua, na ile mikono hajawahi kuikunjua.

Kijiwe Buza

Chai hii. Maneno 1,400 kwa simu yenye kioo kilichopasuka? Tupia rasimu tuione.

Mwana wa Tandika

Rasimu naiona kwenye orodha tu, nikiibofya haifunguki kuhaririwa. Tangu itoke nimefungiwa. Habari ya mama yangu, naitazama kama picha ya ukutani.

Fundi wa Mtaa wa Kongo

Hapo hujafungiwa mkuu, ndivyo ilivyo. Blogu nyingi za pamoja zimejengwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea blogu, na mle watu wana ngazi tano. Juu kabisa ni msimamizi, anafuata mhariri, kisha mwandishi, kisha mchangiaji, na chini yupo aliyejiandikisha kusoma tu. Wewe umepewa mchangiaji. Mchangiaji anaandika rasimu, anaipeleka ikaguliwe, basi. Hawezi kuchapisha. Picha hawezi kupandisha. Ikishachapishwa hawezi kugusa hata nukta. Siku wanakufungulia akaunti ungewaomba ngazi ya mwandishi, au angalau ungebaki na nakala yako pembeni.

Ila kuna jambo moja. Mchangiaji akituma rasimu, jina lake linakuja lenyewe. Halipotei kwa bahati mbaya. Kulitoa, kwa kawaida ni hadi mtu mwenye mamlaka aende kwenye kisanduku cha mwandishi achague jina jingine, au ainakili habari aibandike kwenye rasimu yake mpya.

Mwana wa Tandika

KUMBE ALIBOFYA!

Yaani alikaa, akaliona jina langu, akalitoa kwa mkono wake! Mimi usiku mzima nilikuwa najiambia labda ni mtambo. Kumbe ni kidole. Kidole chake kikatoa, kidole cha mama kikaja kutafuta, hakikukuta kitu. Fundi, Mungu akubariki, lakini umeniharibia siku.

Dada wa Sinza Mori

Pole kaka. Na mimi yamenikuta hapohapo. Niliandika kuhusu kunyonyesha huku unafanya kazi, nimeandika na mtoto yuko mapajani. Ikatoka "Na Mwandishi Wetu". Siku hiyohiyo Mwandishi Wetu akawa ameandika uchambuzi wa mechi ya Simba na Yanga, na jioni akaandika namna ya kutunza gari. Ananyonyesha, anachambua mpira, anabadilisha oili. Nikaacha kuwatumia.

Mstaafu wa Magazetini

Vijana mnapenda majina kabla ya kazi. Sisi tuliletea magazeti habari kutoka wilayani, tukilipwa kwa habari iliyotoka tu, na isipotoka nauli imekula kwako. "Mwandishi Wetu" ilikuwa na kazi yake. Habari ikiwa ya hatari, inagusa wakubwa, mhariri anakuficha humo usije ukafuatwa nyumbani. Mimi ilinisaidia mara mbili. Tulieni mjifunze.

Mwana wa Tandika

Mzee wangu shikamoo. Nimekusoma kwa heshima. Lakini vibua vina hatari gani? Nani angenifuata Tandika, samaki changu?

Kijiwe Buza

Mama mwenyewe ndiye kamfuata, na kamkuta hayupo 😂😂

Wakili wa Mahakama ya Mwanzo

Mleta uzi usilie, dai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutambulika kuwa kazi ni yake, na haki ya kupinga kazi yake ikiharibiwa kwa namna inayomshushia heshima. Haki hizo unazo hata kama hukulipwa senti. Mwandikie barua, weka tarehe uliyotuma rasimu, akikataa nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ila kwanza soma ulichokubali siku ile ya kufungua akaunti. Ulisoma?

Mwana wa Tandika

Kulikuwa na kisanduku cha "nakubali". Nilikibonyeza.

Wakili wa Mahakama ya Mwanzo

Nyie watu.

Mkongwe wa Intaneti Kafe

Mnanikumbusha mbali. 2004 Ndesanjo Macha ana blogu yake ya Jikomboe, anaandika Kiswahili kitupu na anawafundisha wengine namna ya kufungua za kwao. 2005 Michuzi, yule mpiga picha, naye akaanza. Kila mtu na blogu yake, jina lake juu, ukikosea unatukanwa wewe, ukipatia unasifiwa wewe. Tulikuwa tunalipia kompyuta kwa nusu saa pale Posta, unaandika huku unatazama dakika. Hakuna aliyekuwa anakagua mtu.

Mama Nasra Yombo

Nimesoma hapo kwenye "mchangiaji" nikajua mnazungumzia yangu. Mchangiaji siku zote ni wa kudharauliwa. Mimi nimechangia harusi ya shemeji yangu laki moja taslimu, nimempa mweka hazina mkononi, mashahidi wapo. Wiki iliyopita kadi imekuja: SINGO. Laki moja halafu singo! Na mume wangu ninaye, yuko hapa sebuleni amevaa msuli. Kamati wanasema kwenye daftari nimeandikwa elfu hamsini. Ile nyingine kaichangia nani, Mwandishi Wetu?

Dada wa Sinza Mori

Heee! Mweka hazina wa kamati ni yupi, yule mwenye Noa nyeupe?

Mama Nasra Yombo

Huyohuyo.

Dada wa Sinza Mori

Basi dada yangu pole sana. Mwaka juzi kwenye kamati yetu vikao vilikaa mara nane, kila kikao soda na ndizi za kukaanga, na vyote vimetoka kwenye michango. Siku ya harusi vinywaji vimeisha saa mbili.

Mzee wa Keko

Mimi nilipewa dabo nikafika na mke wangu, mlangoni wakasema viti vimejaa. Tumekula pilau tumesimama kwenye maegesho, sahani tumeweka juu ya boneti ya gari la watu.

Mwana wa Tandika

Wakuu, za harusi fungulieni uzi wake, tafadhali. Mama amerudi kutoka sokoni sasa hivi. Kuna mama mwenzake pale Feri alionyeshwa ile habari na mwanawe, akamuuliza, "Huyu si wewe? Nani kakuandika?" Mama kasema, "Mtu mmoja wa huko mjini." Mimi nipo hapa chumbani nimemsikia anamsimulia dada. Mtu mmoja wa huko mjini! Nimeshaanza barua. Wakili, niiandike kwa mhariri au kwa mwenye leseni?

Kijiwe Buza

Mzee wa Keko, pilau lilikuwa na nyama lakini?

Mzee wa Keko

Vipande viwili, kimoja mfupa.

Mama Nasra Yombo

Angalau wewe uliingia hadi kwenye maegesho. Mimi hiyo singo sijui twende nani, mume wangu ameshanyoosha suti.