Muscat siku moja na mama mzee: nikodi gari na mtembezaji au tujitembeze wenyewe?

Binti_Ngamiani
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa mliofika au mnaoishi Muscat, Oman. Mwezi wa 12 nampeleka mama kumuona mdogo wake, yuko kule tangu miaka ya sabini, na tunaongozana na rafiki yangu wa kazini, yeye Mkristo, hajawahi kutoka nje ya Tanzania kwa hiyo ana hamu balaa. Mama mdogo magoti hayamruhusu kututembeza, basi nikachati na kampuni moja kwenye wasapu wakanipa bei ya gari binafsi na mtembezaji siku nzima rial 60, wanasema tutaona msikiti mkubwa, soko la Mutrah, kasri la Sultani, makumbusho na jumba la opera, na tukiongeza hela kidogo tunafika mpaka mji wa Nizwa siku hiyohiyo. Nimepanga Ijumaa maana Jumamosi usiku tunaondoka. Napigwa au ndo bei? Mama ana miaka 71, ngazi nyingi hapana.

Pwani_Ruwi
Dada yangu, kabla ya bei, toa hiyo Ijumaa. Mimi ni wa Mombasa, niko hapa Ruwi mwaka wa sita sasa. Ijumaa asubuhi huu mji umelala, maduka mengi ya sokoni hufungua jioni, na msikiti wa Sultan Qaboos wasiokuwa Waislamu huingia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Ijumaa hawaingii kabisa. Wewe na mama mwaeza kwenda kuswali lakini huyo rafiki yako atabaki kwa gari anaangalia minara. Peleka Jumamosi, ndege si ya usiku? Huku wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013, Jumamosi watu wako na kila kitu kiko wazi.

Na Nizwa achana nayo. Kwenda tu ni saa moja na nusu ama mbili kwa gari, kurudi vilevile, mama wa miaka 71 mtamchosha bure aone ngome kutoka kwa dirisha.

Kijiweni_Kkoo
Mi naona private ni kupoteza hela tu. Nilikaa siku mbili pale nikisubiri ndege, nikachukua teksi kutoka sehemu hadi sehemu na nikaona vyote. Kasri la Al Alam lenyewe huingii ndani, unasimama getini unapiga picha zile nguzo za buluu na dhahabu, dakika kumi umemaliza, sasa hapo mtembezaji anakwambia nini cha rial 60? Vuka upande wa pili ndo kuna Makumbusho ya Taifa, yamefunguliwa 2016, hapo kaeni hata masaa mawili, kiyoyozi safi na viti vipo vya mama.

Halafu jihadharini, jamaa yangu alichukua mtembezaji wa hivyo hivyo akampitisha duka la manukato saa nzima na nusu, kumbe jamaa ana chake pale. Opera wakafika imeshafungwa kwa wageni.

Pwani_Ruwi
@Kijiweni_Kkoo wewe ulikuwa peke yako na begi moja mgongoni. Mama mzee kushuka na kupanda teksi mara saba, kila mara mwanzo wa kubishana bei, si sawa. Gari lichukueni, ila si la siku nzima, nusu siku yatosha na bei itashuka. Na waambieni mapema kabisa, kwa maandishi, hakuna kusimama duka ambalo hatukuomba.

Hapo kasri pia si dakika kumi. Tazama pande zote mbili, zile ngome mbili juu ya mawe, Al Jalali na Al Mirani, ni za Wareno. Waomani waliwatoa Muscat 1650, na hao hao ndio waliokuja kuwatoa kwetu Fort Jesus 1698. Mimi nililelewa chini ya ule ukuta wa Mombasa, siku ya kwanza kusimama pale Muscat nilicheka peke yangu kama mwehu.

Babu_Darajani
Assalaam alaykum. Mwanangu, mimi ni mtu wa Unguja, nimehamia huku 1974. Omba dereva anayesema Kiswahili, wapo tele, watoto wetu waliokulia huku. Mama yako akielezwa kwa lugha yake atafurahi zaidi kuliko Kiingereza cha kukariri.

Msikitini fikeni saa 2 kamili kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Lile zulia la ukumbi mkubwa lina tani 21, wanawake 600 wa Iran walilifuma miaka minne, na wageni hawalikanyagi, wametandikiwa njia juu yake. Mwambie mama ainame karibu na ukingo wa njia aangalie maua yake, asikimbilie kutazama taa juu kama wanavyofanya wote. Uwanja ni mpana, ila ni marumaru tambarare, atatembea polepole.

Mutrah nendeni jioni, saa 10 na kuendelea. Ingieni kwa upande wa bahari, msifike mbali, pale mwanzo tu kuna ubani wa kila aina. Ule mzuri una rangi ya kijani hafifu, weka chembe moja mdomoni utafune, ukiwa mzuri unakuwa laini kama ubani wa kutafuna, mbaya unasagika kama mchanga. Mwenye duka hakatazi. Na mkizungumza Kiswahili kwa sauti msishangae mtu akiwaitikia "karibuni" kutoka nyuma ya magunia.

Binti_Ngamiani
Shikamoo babu, na ahsanteni wote. Nimewarudia wale jamaa, nusu siku Jumamosi wamesema rial 35, dereva wa Kiswahili wanaye, duka hakuna. Mutrah tutaenda Ijumaa jioni wenyewe na binamu. Swali la mwisho, rafiki yangu hana baibui, msikitini ataingia na suruali na mtandio?

Pwani_Ruwi
Suruali pana na shati refu la mikono mirefu haina neno, nywele zifunikwe zote, kifundo cha mguu kisionekane. Lakini mama mdogo amekaa huko miaka hamsini, kabati lake lina mabaibui ya kuvalisha harusi nzima, mwazime moja.

Babu_Darajani
Marahaba mwanangu. Mwambieni dereva asimame pia pwani ya Riyam, ule mnara wa chetezo mkubwa mweupe. Mama atauliza unafukizwa lini.