Nimehamia Ohio na gari lina plate za Texas, nianzie wapi?

Mgeni_Columbus: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nimehama Houston nimekuja Columbus kikazi, gari nimekuja nalo, plate bado za Texas na stika ya usajili haijaisha, bima nalipa ileile ya Houston. Gari lina mkopo wa benki kwahiyo taito (hati ya umiliki) sina mkononi. Naweza kuendelea hivi hivi mpaka stika iishe?

kijana_wa_tanga: Endelea tu mkuu, mbona wapo wengi na plate za majimbo mengine na hakuna anayewasumbua

MamaJu: Mdogo wangu usimsikilize huyo. Ukishahamia Ohio una siku 30 za kubadilisha leseni pamoja na usajili wa gari, hata kama stika ya Texas ina miezi kibao. Na polisi sio shida kubwa, shida ni bima. Bei watu wa bima wanakupangia kwa kuangalia gari linalala wapi, sasa lako linalala Columbus wao wanajua lipo Houston, siku umemgonga mtu wakianza kuchimba wanaweza kukataa kulipa na bili zote zinakugeukia wewe. Wapigie leo leo. Ya zamani usiikate kabla mpya haijaanza. Kima cha chini cha bima hapa ni dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, 50,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali ya watu, ila kama mfuko unaruhusu chukua zaidi maana kwa hospitali za huku hiyo sio hela.

Dereva614: MamaJu kamaliza. Naongezea, usikimbilie plate kwanza, watakurudisha. Peleka gari BMV (ofisi ya jimbo ya leseni na usajili wa magari) wakague namba ya chesisi, karatasi watakayokupa nenda nayo ofisi ya taito ya kaunti, hao ndo wataiomba taito kwa benki yako, na benki huwa zinajivuta so anza mapema. Taito ikikaa sawa ndo unarudi BMV kuchukua plate. Ya mbele hawaidai tena tangu Julai 2020. Kipimo cha moshi kama cha Houston hapa Columbus hakuna, kipo kule upande wa Cleveland na Akron.

Mgeni_Columbus: Asanteni sana aisee. Mke wangu naye kapata Corolla ya mtu, muuzaji kasema atasaini taito nyumbani kwake amletee

MamaJu: Asisaini nyumbani!! Ohio saini ya muuzaji lazima iwe mbele ya notari. Waende wote wawili ofisi ya taito, notari wapo palepale, hela itolewe hapo. Na plate muuzaji anang'oa anabaki nazo.