Kwa nini vipaumbele vya matumizi ya wilaya za Uganda hubadilika?

Mkazi wa Arua: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa ni kwa nini halmashauri ya wilaya, ambayo Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 iliipa mamlaka ya kupanga bajeti, siku hizi huonekana kutekeleza tu yaliyokwisha kuamuliwa Kampala.

Mzee wa Gulu: Chanzo kimoja ni kodi ya kichwa. Ilichukiwa, nami sikuipenda, lakini ndiyo iliyoipa halmashauri fedha zake yenyewe. Iliposimamishwa mwaka 2005, wilaya zilizidi kutegemea ruzuku zenye masharti, ambazo huja zikiwa zimekwisha kutengewa mishahara ya walimu, zahanati au barabara. Kodi ya huduma za mitaa, iliyoanza 2008, haikuziba pengo hilo.

Mwalimu wa Jinja: Naongeza kwamba elimu ya msingi bila karo, tangu 1997, ilivutia fedha nyingi kwenye madarasa na walimu. Mpango wa maendeleo ya parishi (eneo dogo la utawala lenye vijiji kadhaa), uliozinduliwa 2022, umegeuza tena mwelekeo, kwa kuwa shilingi milioni 100 zinazokusudiwa kila parishi kwa mwaka hupitia vyama vya akiba na mikopo, wala si mikononi mwa madiwani.

Mkazi wa Arua: Ahsante, mzee, ahsante, mwalimu. Kumbe diwani wangu nilimlaumu bure, walau kwa nusu.