Maneno ya Kiingereza yanayoanza na "al": yote ni ya Kiarabu? Naomba ushauri

Mkariri_Usiku:
Habari za humu wakuu. Najifunza Kiingereza mwenyewe, na njia niliyojitungia ni kukusanya maneno yanayoanza na herufi zilezile, nitafute asili yao kwa mkupuo mmoja ili yakae kichwani. Wiki hii niko kwenye "al". Nilisoma kwamba "algebra" na "alcohol" ni Kiarabu, na hiyo "al" ndiyo ile ya Alhamisi na alfajiri. Basi nikajaza ukurasa: "almost", "alone", "album", "alarm", "alkali", "alligator". Juu nikaandika kwa wino mwekundu ASILI: KIARABU. "Alkali" hata sikuhitaji kamusi, si ndiyo "kali" yetu? Jana rafiki yangu kaliona daftari, kacheka mpaka kakaa chini, na kosa hakunionyesha. Niendelee na njia hii au nichane?

Bi_Kamusi:
Usichane, futa baadhi tu. "Almost" na "alone" ni Kiingereza kitupu: "all" na "most", "all" na "one". Aliye "alone" ni mmoja tu, basi. Baadaye watu wakalikata neno hilo kichwa wakabaki na "lone", ndipo ikazaliwa "lonely". "Album" ni Kilatini, kutoka "albus", nyeupe. Kwa Warumi ilikuwa ubao mweupe wa kuandikia matangazo.

Ila kwa "kali" nami nimecheka, nisamehe. Ni "al-qaly", majivu ya mimea ya chumvichumvi iliyochomwa, yaliyotumika kutengenezea sabuni na kioo. Kufanana na kali yetu ni bahati tu.

Mzee_wa_Herufi:
Kijana, hapo kwenye "algebra" usipite mbio. "Al-jabr" ni kuunga kilichovunjika. Al-Khwarizmi wa Baghdad alilitumia neno hilo katika kitabu chake cha hesabu, miaka ya 820 hivi. Chukua x − 3 = 7. Upande wa kushoto una upungufu. Unaongeza 3 huku na huku, x inarudi nzima, kama mfupa uliounga. Wala si mfano wangu wa kubuni: Kihispania cha zamani, "algebrista" alikuwa mtu wa kuunga mifupa. Na jabari letu limetoka shina hilohilo. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kitabu kwa Kilatini, lakini neno lenyewe likavuka na nguo zake za Kiarabu. Jina la mwandishi nalo lilitafunwa na ndimi za Ulaya, likatoka "algorithm".

Chokochoko:
Nilisikia "alcohol" ni wanja. Mnatutania?

Bi_Kamusi:
Hatutanii. "Al-kuhl" ni ule unga laini mweusi wa kupaka machoni. Wanakemia wa Ulaya wakauita hivyo unga wowote laini sana, kisha kiini chochote kilichochujwa kwa kukenekwa. Wakafika kwenye "alcohol ya mvinyo", na mwisho mvinyo ukaachwa, likabaki neno.

Mpita_Njia:
Mimi natumia njia fupi: ondoa "al", tazama kinachobaki. Kikibaki neno la Kiingereza, ni la Kiingereza.

Mzee_wa_Herufi:
Itakuangusha kwenye "alarm". Ukiondoa "al" inabaki "arm", lakini neno ni la Kiitaliano, "all'arme", kelele ya kuwaambia askari washike silaha. "Alert" ni ndugu yake. Na "alligator" ni Kihispania "el lagarto", yaani yule mjusi. Hiyo "el" ni ya ukoo wa Kilatini, haihusiani na Waarabu.

Halafu kinyume chake: Kiarabu kingine kimeingia bila "al". Kihispania husema "algodón", lakini Kiingereza kilipata "cotton" kupitia Kifaransa, "al" imeshadondoka. Pamba ni ileile. Kwa hiyo uliza neno limepitia wapi, herufi za mwanzo zinadanganya. Hata Kiswahilini: alfajiri ina "al" ya Kiarabu, ila alama, ambalo nalo ni la Kiarabu, herufi hizo ni za shina lake lenyewe.

Mkariri_Usiku:
Asanteni sana, nyote. Nimegawa ukurasa safu nne: Kiarabu, Kiingereza, Kilatini, Kiitaliano. "Alligator" nimelibana pembeni na mshale. Limebaki moja, "almond". Niliweke wapi?

Bi_Kamusi:
Hilo ni la Kigiriki, "amygdale". Ukitazama, "l" ya mwanzo haimo. Iliingia njiani, na wengi husema ni kwa sababu wasemaji walizoea "al" ya Kiarabu wakaibandika hata pasipo pake.

Mkariri_Usiku:
Kumbe hata wao walikosea kama mimi!

Bi_Kamusi:
Ndiyo. Hilo liandike kwa penseli.