Tupeane uzoefu: monita ya Hz 144 na televisheni kwenye kompyuta moja

Kioo Kipana:
Wakuu, habari za muda huu. Kuna ndugu yangu kanipigia analalamika kwamba monita yake mpya haina tofauti na ya zamani, nikakumbuka niliyopitia. Mashine yangu inahudumia vioo viwili: monita ya Hz 144 mezani (Hz ni mara ambazo picha inaburudishwa kwa sekunde) na televisheni ya 4K ya Hz 60 ukutani. Monita ikiwa peke yake, kishale kinateleza raha tupu. Nikiwasha televisheni tu, gemu linaanza kukwamakwama. Kilichoniponya ni kuacha kunakili kioo. Ukitaka vioo vyote vionyeshe kitu kilekile, vinalazimika kwenda mwendo mmoja, na mara nyingi ule wa chini ndio unaoshinda. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kutanua, kisha ingia kwenye setingi za kioo, kila kimoja kipe Hz zake. Wenzangu nyie mlipitia yapi?

Fundi Kebo:
Hizo setingi ni nusu tu ya kazi. Nikiitwa kuangalia mashine ya mtu, kwanza nainama nyuma ya kasha. Mara nyingi nakuta kebo ya monita imechomekwa kwenye poti ya bodi kuu, kadi ya grafiki imekaa bure. Poti za picha ziko aina mbili: monita ipe DisplayPort, televisheni ipe HDMI, maana televisheni nyingi hazina DisplayPort kabisa. Halafu angalia toleo: HDMI 1.4 ikibeba 4K inaishia Hz 30, 2.0 inafika 60, na ukitaka 4K ya Hz 120 ni 2.1. Kuna kebo niliuziwa, pakiti imeandikwa 2.1 kwa herufi kubwa, picha ikawa inakatika na kurudi kila baada ya muda mfupi. Nilipoweka nyingine iliyo fupi, shida ikaisha. Maandishi ya pakiti siyaamini tena.

Ndio Hivyo:
Naunga mkono hoja. Ukiwa kwenye Hz 30 kishale kinaburuzika mpaka unadhani kompyuta inaumwa.

Usiku Mrefu:
Dawa ni moja tu, shusha monita mpaka Hz 120. Ni mara mbili kamili ya 60, kukwamakwama kunaisha.

Fundi Kebo:
Hapana mkuu. Hiyo ilikuwa dawa ya Windows 10 za kabla ya toleo lenye namba 2004, lile lililotoka Mei 2020. Zamani video ikicheza kwenye kioo cha Hz 60 iliweza kuivuta chini na monita ya pembeni. Siku hizi kila kioo kinaenda kivyake. Kumwambia mtu aache Hz 24 alizozilipia si msaada.

Usiku Mrefu:
Nasema nilichokiona kwenye mashine yangu. Vioo viwili vikiwaka na monita iko 144, kumbukumbu ya kadi haishuki kasi hata kama sijafungua kitu, feni zinaunguruma. Nikiweka 120 inatulia. Utabishana na feni?

Pengwini:
Sisi wa Linux tatizo lilikuwa X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha picha kwenye kioo. Nilipohamia Wayland, ule mpya, kila kioo kikachukua Hz zake.

Bint Salama:
Lililonipata mimi halihusu Hz, linahusu madirisha kuhama. Kompyuta iko chumbani, kebo ndefu ya HDMI inatoka hapo hadi televisheni ya sebuleni ili wazee waangalie filamu. Siku hiyo sebule imejaa: mama, shangazi, wadogo zangu. Mimi chumbani nimefungua majibu ya vipimo vyangu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikasoma, nikarudia, nikazima monita kwa kitufe chake nikajilaza. Sauti ya filamu inaendelea, ila hakuna anayecheka tena. Kisha namsikia mdogo wangu anasoma kwa sauti, anakata silabi: jina langu kamili, tarehe, halafu jina la ugonjwa. Monita nyingi za DisplayPort ukizizima, kompyuta inaona umezichomoa, na kila dirisha linakimbilia kioo kilichobaki. Mama akaja mlangoni na rimoti mkononi. Hakuniuliza kwa nini nilificha. Aliniuliza dawa zinaanza lini.

Kioo Kipana:
Pole sana dada. Unaendeleaje sasa?

Ndio Hivyo:
Nimesoma mara mbili. Mungu ampe mama maisha marefu.

Bint Salama:
Naendelea vizuri, dawa zimenikubali. Asanteni.

Usiku Mrefu:
Pole dada. Mwenye mpangilio kama huo ahamishie monita kwenye HDMI, mara nyingi madirisha hayatakuwa yanahama ovyo.

Fundi Kebo:
Halafu akose Hz zake kama poti ni ya zamani? Abaki na DisplayPort. Windows 11, kwenye setingi za vioo vingi, ina kisanduku cha kuyashusha madirisha pale monita inapokatika, na kingine cha kukumbuka yalipokuwa. Tia alama vyote viwili. Hapo Usiku Mrefu tusigombane, dada hapaswi kupatwa na hilo tena.

Mgeni Njiani:
Samahani wakuu, naingilia. Televisheni yangu inakata kingo, upau wa chini hauonekani, na sauti yote imehamia huko.

Pengwini:
Kingo rekebisha kwenye menyu ya televisheni yenyewe, ukubwa wa picha, chagua ile inayoonyesha picha nzima bila kuikuza. Ukiweza kuliita hilo ingizo la HDMI jina la PC, fanya hivyo, kwenye baadhi ya televisheni maandishi yanakaa sawa zaidi. Sauti bonyeza alama ya spika, chagua spika zako.